Barua kwa Mama, Pangani: shamba la Baba lisiuzwe

Llanbedr Pont Steffan, Welisi
19 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, kazi inaendelea na baridi nimeizoea. Naomba Mjomba Selemani ndiye aisome, tena kwa sauti, na Kaka Athumani awepo. Maneno ya kwenye simu yamekuwa mengi na kila mtu anashika kipande anachokitaka. Safari hii sikilizeni wote kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho.

Kaka Athumani, shikamoo. Ujumbe wako wa Ijumaa nimeupata. Umesema yule bwana wa hoteli amepandisha bei, anataka jibu kabla ya Ramadhani, na kwamba nisipotuma milioni nne za deni la bajaji huna njia ila kumpa lile pande la shamba la Baba linalotazama bahari. Jibu langu ni hapana. Lakini hapana kavukavu kwa kaka mkubwa si adabu tuliyofundishwa, kwa hiyo nitakueleza imetoka wapi.

Nimemaliza mwaka mzima na hawa Wawelisi, tangu Januari ya 2024 hadi hii tuliyo nayo. Nimewaogesha wazee wao, nimekula supu yao ya kondoo na mboga ya liki, nimesimama nao kwenye mvua. Ulikuwa mwaka mgumu kwao. Na katika ugumu wote huo nimeona jinsi wanavyoshika kitu walichoachiwa na wazazi wao, iwe ardhi, iwe lugha, iwe mistari ya mashairi. Kila nilipowaona wakishika, nilikumbuka shamba letu.

Kwanza, Mama, wakikuuliza sokoni usiseme Zuhura yuko Uingereza. Sema yuko Welisi. Najua pasipoti na mfalme ni vilevile, lakini hawa wana bunge lao Cardiff, timu yao ya taifa, bendera yao yenye joka jekundu, na hapa Ceredigion nilipo wazee wanaongea Kiwelisi tangu kuamka hadi kulala. Ni watu milioni tatu na ushei, na kondoo karibu milioni 9. Halafu yule Stanley tuliyemsoma darasani, aliyetoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone hadi Ujiji, ni mtoto wa huku, wa mji wa Denbigh kaskazini, aliyelelewa katika nyumba ya maskini. Wenyewe hawaelewani juu yake. Mwaka 2021 wakazi wa mji huo walipiga kura kama sanamu yake iondolewe, na wengi wakasema ibaki. Mjomba, najua una lako la kusema hapo, utaniambia kwenye simu.

Mwaka ulianza na misiba ya raga, mchezo ambao hawa wanaupenda kama sisi tunavyopenda Simba na Yanga, na zaidi. Januari alifariki J.P.R. Williams, Februari akafuata Barry John, wote nyota wa miaka ya sabini. Wazee ninaowahudumia walilia kweli. Na katika mashindano ya mataifa sita Welisi ikafungwa mechi zote tano. Ya Scotland walipoteza 27 kwa 26 baada ya kuwa nyuma 27 kwa sifuri, ya Italia walifungwa nyumbani kwao Cardiff. Mwaka wote wa 2024 timu haikushinda mechi hata moja ya kimataifa, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1937. Na kila Jumamosi ya mechi ukumbini kwetu jezi nyekundu zilikuwa zimejaa viti vyote na wimbo wa taifa ukaimbwa watu wamesimama, hata wale ambao kusimama ni shughuli ya watu wawili.

Sasa nisikilize vizuri, Kaka, hapa ndipo penye habari yangu.

Serikali ya Welisi ilileta mpango mpya wa ruzuku ya kilimo. Mkulima anayetaka ruzuku alitakiwa miti ifunike asilimia 10 ya ardhi yake, na asilimia 10 nyingine iachwe kwa ajili ya viumbe wa porini. Wafugaji wakapiga hesabu wakaona hawatoboi. Februari walijaa kwa maelfu kwenye kumbi za mnada wa mifugo, na tarehe 28 wakaenda Cardiff na matrekta mpaka mbele ya bunge. Wiki iliyofuata, tarehe 6 Machi, walipanga gambuti kwenye ngazi za bunge, jozi 5,500, kila jozi kwa kazi moja ambayo ripoti ya serikali yenyewe ilisema ingeweza kupotea.

Katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi yupo mzee mmoja, mfugaji tangu utotoni, shamba sasa analo mjukuu wake. Siku mbili kabla ya siku ile alinituma chini ya kabati nitoe gambuti zake. Za kijani, ya kushoto imepasuka kisiginoni, na tope limekaukia kwenye mifereji ya soli, tope la miaka. Nilitaka kuziosha. Akanikataza, akasema zitakwenda hivyohivyo na udongo wake. Mjukuu akaja kuzichukua. Usiku wa siku ile tuliangalia taarifa ya habari, yeye akiwa ameinama hadi kwenye kioo, anatafuta zake katikati ya zile elfu tano na kitu. Alisema ameziona. Nikamwambia na mimi nimeziona.

Mwezi Mei serikali ikaahirisha mpango hadi 2026. Walipumua kidogo, kisha Oktoba serikali ya London ikatangaza kodi ya mirathi kwa mashamba yanayozidi thamani ya paundi milioni moja, asilimia 20, kuanzia Aprili 2026. Matrekta yakatoka tena barabarani, safari hii hadi Llandudno, waziri mkuu alipokuja kuhutubia chama chake. Watu wanaingia barabarani na watoto wao wasije wakalazimika kuuza ekari mbili tatu walizoachiwa. Wewe Kaka hakuna serikali inayokudai. Anayekudai ni mwenye bajaji.

Machi ileile ilileta jambo lililonifurahisha kuliko yote. Tarehe 16, siku Italia walipowafunga, chama kilichokuwa kikitawala, Labour, kilimchagua Vaughan Gething kuwa kiongozi wake, na tarehe 20 akawa Waziri Kiongozi wa Welisi. Mama, huyu ni mtoto wa Lusaka! Mama yake Mzambia, baba yake daktari wa mifugo wa Kiwelisi aliyekwenda kufanya kazi huko. Ilitangazwa dunia nzima kwamba ndiye mtu mweusi wa kwanza kuongoza serikali ya nchi ya Ulaya. Mimi na wenzangu wa Zimbabwe na Nigeria tulipiga vigelegele jikoni mpaka meneja akaja kuuliza kulikoni. Hakukaa. Likaja suala la mchango wa kampeni wa paundi 200,000, Juni akashindwa katika kura ya imani, 29 kwa 27, na Julai mawaziri wanne wakajiuzulu siku moja, naye akatangaza kuondoka. Iliniuma na bado inaniuma. Agosti akashika Eluned Morgan, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Katikati hapo, Julai, ulipita uchaguzi mkuu wa Uingereza nzima, chama cha Conservative kikapoteza viti vyake vyote vya Welisi. Wazee wangu walilizungumza hilo asubuhi moja wakati wa uji, likaisha.

Mfungo ulianza huku tarehe 11 Machi, na siku hiyohiyo ikaanza kutumika sheria mpya: wahudumu wa wazee wanaokuja kuanzia hapo hawaruhusiwi kuleta mume, mke wala watoto. Mwambieni Mwajuma ajue hilo kabla hajauza cherehani zake kwa ajili ya viza. Asije akadanganywa na mawakala. Mimi nilikuja kabla, na suala la kumleta Rukia ninalifuatilia kwa mwanasheria, msimwambie chochote mpaka kieleweke. Idi nilikwenda Cardiff, mtaa wa Butetown karibu na bandari ya zamani, ambako Wasomali na Wayemeni walioletwa na meli za makaa ya mawe wana vizazi na vizazi. Nilikula pilau ya kweli. Nililia kidogo wakati wa takbira, ni kawaida, msijali.

Sasa jambo la Baba.

Agosti, kuanzia tarehe 3 hadi 10, lilifanyika tamasha lao kuu, Eisteddfod ya Taifa. Kila mwaka linahama, mwaka jana ulikuwa mji wa Pontypridd, bonde la wachimba makaa, katika bustani ya Ynysangharad kando ya mto. Bustani hiyo ina mnara wa Evan James na mwanawe James James, fundi wa kufuma na mpiga kinubi, waliotunga wimbo wa taifa mjini hapo mwaka 1856. Baba mtu alitunga maneno, mtoto akatunga sauti. Nilikwenda na mwenzangu wa kazini ambaye kwao ndiko huko.

Mambo yote ya tamasha yanaendeshwa kwa Kiwelisi, kuanzia jukwaani. Kuna kwaya, vinubi, ngoma, vitabu, lakini kilele ni mashairi. Kuna Taji la shairi huru na kuna Kiti, kiti cha mbao hasa kilichochongwa kwa ajili ya mwaka huo, kwa yule atakayeshinda kwa shairi la kanuni. Na kanuni zake, Mjomba, laiti Baba angeziona! Wanaziita cynghanedd. Sisi tuna vina vya kati na vya mwisho, na mizani nane kwa nane. Wao wana vina, wana mizani, na juu yake, katika baadhi ya aina zake, konsonanti za nusu ya kwanza ya mstari sharti zirudi katika nusu ya pili kwa mpangilio uleule. Ukikosea moja mstari umeanguka. Kuna bahari 24 zilizopangwa tangu zama za kati. Nilipoelezwa nilijikuta nagonga meza kwa vidole kama Baba alivyokuwa akigonga mkeka, kidole gumba kwa mizani ya nne, kiganja chote kwa ya nane.

Siku ya Kiti ni Ijumaa. Tiketi za ndani zilikuwa zimekwisha, tukakaa nje kwenye nyasi mbele ya skrini kubwa, mamia ya watu, watoto wamebebwa mabegani. Washindani huleta mashairi kwa jina la bandia, kwa hiyo hakuna anayejua mshindi ni nani. Jaji anasoma hukumu, anamsifu huyu, anamkosoa yule, mwisho anataja jina la bandia la aliyeshinda. Kisha tarumbeta inalia na mwenye jina hilo, popote alipo kati ya watu, anatakiwa asimame. Ukumbi mzima unageuza shingo. Taa inazunguka inazunguka, inamkuta. Anavishwa joho la zambarau na kupelekwa jukwaani. Kiongozi wa baraza la malenga alikuwa Mererid Hopwood, ambaye mwaka 2001 alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Kiti hicho. Upanga mkubwa unavutwa nusu kutoka alani, naye anauliza umati, je, kuna amani? Wote wanajibu: amani! Mara tatu. Ndipo upanga unarudishwa na malenga anaketishwa.

Aliyesimama alikuwa kijana, Carwyn Eckley, na shairi lake lilimhusu baba yake aliyefariki yeye akiwa mtoto. Mama, nilikaa pale kwenye nyasi nikashindwa kuinuka. Nchi nzima imesimama kwa ajili ya kijana aliyemlilia baba yake kwa vina na mizani. Na Baba yetu madaftari yake matano yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chako, na mchwa nao wana njaa. Rukia ayatoe, ayapige picha ukurasa kwa ukurasa, anitumie. Hiyo ni kazi ninayomlipa, si ombi.

Hawa wamefikaje hapo? Kwa kushupaa. Mashindano ya kwanza ya namna hii yanasemwa yalifanyika mwaka 1176 katika ngome ya Aberteifi, mkoa huuhuu nilipo. Kisha zikaja karne za kuambiwa lugha yao ni ya kishamba. Karne ya kumi na tisa mtoto akisikika akiongea Kiwelisi shuleni alivishwa kibao shingoni chenye herufi W na N, akimsikia mwenzake amvishe, na mwenye kibao jioni anachapwa. Tukio hilo tunalijua, Kenya walilifanya, na shule wanayosoma wanao, Kaka, inawatoza faini wakiongea Kiswahili na wewe unalipa unashukuru. Mwaka 1980 mzee mmoja wa siasa, Gwynfor Evans, alitangaza atagoma kula mpaka afe kama serikali haitatimiza ahadi ya televisheni ya Kiwelisi. Serikali ikasalimu amri na stesheni ikaanza 1982. Sensa ya 2021 ilikuta wanaoongea Kiwelisi ni kama 538,000, chini ya mmoja kati ya watano. Serikali imejiwekea lengo wafike milioni moja mwaka 2050. Mimi nimo kwenye hesabu hiyo inayokuja, maana nimefaulu mtihani wa ngazi ya kwanza unaoitwa Mynediad! Darasani kwetu Waafrika tulikuwa wawili, na mwalimu amesema matamshi yangu ya ile sauti ya kooni yanawashinda Waingereza wote waliohamia hapa. Ni ile kh ya shekhe na ya Kurani, nimeisoma tangu madrasa ya Maalim. Wazee wangu nikiingia nawaamkia kwa lugha yao, na kuna bibi mmoja ambaye Kiingereza kimemtoka kabisa kwa ugonjwa wa kusahau, kilichobaki kwake ni Kiwelisi. Zamu ya usiku akiamka na hofu wananiita mimi.

Ukisafiri kutoka hapa kwenda Aberystwyth kwa njia ya pwani, karibu na kijiji cha Llanrhystud unapita ukuta wa mawe wa nyumba iliyobomoka, umepakwa rangi nyekundu na maandishi meupe: Cofiwch Dryweryn. Maana yake kumbukeni Tryweryn. Hilo ni bonde la kaskazini lililokuwa na kijiji cha Capel Celyn. Jiji la Liverpool lilitaka maji. Sheria ikapitishwa London, hakuna hata mbunge mmoja wa Welisi aliyepiga kura ya kuiunga mkono, na mwaka 1965 bonde likafurikishwa. Nyumba, shule, kanisa, ofisi ya posta, mashamba, vyote viko chini ya ziwa. Makaburi nayo: familia chache zilihamisha maiti zao, waliobaki wakamwagiwa zege juu, kisha maji. Liverpool iliomba radhi mwaka 2005. Watu wa huku ukuta ule wanaupaka rangi upya kila ukiharibiwa, na vijana waliozaliwa miaka arobaini baada ya maji wanaujua kama wanavyojua jina la mama yao.

Kaka, kaburi la Baba liko chini ya mwembe, hatua chache kutoka pale unapotaka kuuza. Hao wa Capel Celyn walinyang'anywa na bunge. Sisi hakuna aliyetunyang'anya. Yule bwana akishajenga ukuta wake na kuweka mlinzi getini, siku ya Idi utampitia wapi kwenda kumsomea Baba Yasini? Utaomba ruhusa mapokezi?

Miezi iliyobaki nipite haraka. Tarehe 30 Septemba walizima tanuru la mwisho la chuma la Port Talbot, baada ya zaidi ya miaka mia ya kutengeneza chuma, na kama watu 2,000 wa mji huo wanapoteza ajira. Ulikuwa pia mwaka wa 40 tangu mgomo mkubwa wa wachimba makaa wa 1984, na mwenzangu wa Pontypridd baba yake alikuwa mgomaji, kwa hiyo kwao mwaka mzima ulikuwa wa picha za zamani. Novemba, tarehe 24, dhoruba waliyoiita Bert ilileta mafuriko mjini hapohapo Pontypridd, nyumba zilezile zilizozama mwaka 2020. Bustani tuliyokaa Agosti iko kando ya mto huohuo.

Wiki mbili baadaye ikaja zamu yetu, dhoruba Darragh. Ijumaa jioni tarehe 6 Desemba simu zote zililia kwa pamoja mlio wa ajabu, ujumbe wa hatari kwa watu kama milioni tatu wa Welisi na kusini magharibi mwa Uingereza: kaeni ndani. Upepo ulianza usiku, na kabla ya alfajiri umeme ukakatika. Nilikuwa zamu. Wazee tuliwakusanya ukumbini, blanketi juu ya blanketi, taa za betri sakafuni. Jenereta ilikuwapo, ikawa ya vitanda vya umeme na mashine za oksijeni tu. Asubuhi barabara zilikuwa zimefungwa na miti, wenzetu wa zamu ya mchana hawakuweza kuja, tukaendelea sisi. Ndipo yule mjukuu wa mzee wa gambuti akatokea na trekta lake, amekata miti njiani kwa msumeno, nyuma amembeba muuguzi na sufuria mbili za supu kutoka kwa mkewe. Alifanya hivyo kutwa, nyumba hadi nyumba, na hakuna aliyemtuma. Kuna mashamba yaliyokaa siku kadhaa bila umeme. Mimi sikupata hata mafua, Mama.

Furaha moja kubwa ya Desemba: tarehe 3 timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa miguu iliifunga Ireland 2 kwa 1 mjini Dublin na kufuzu fainali za Ulaya za 2025, mara ya kwanza kabisa kwao kufika mashindano makubwa. Wanaume, wakitafuta fainali zao za 2024, walikwama Machi kwa penalti na Poland. Mabinti wa jikoni kwetu waliimba hadi usiku wa manane, na mimi niliimba nao, maneno yote nayajua.

Na juzi, katikati ya Januari, nilialikwa Morgannwg, kusini huku, kuona mchezo wao wa jadi uitwao Mari Lwyd. Wanachukua fuvu la farasi, wanalivika shuka jeupe na riboni, mtu anajificha ndani, kundi linapita nyumba kwa nyumba likiomba kuingia. Lakini hawaingii bure. Wa nje wanatoa ubeti, wa ndani wanajibu kwa ubeti, wanatupiana vijembe hadi upande mmoja uishiwe. Mjomba, ni malumbano! Ni yale ya Baba na marehemu Mzee Kombo barazani, mmoja anafumba mwingine anafumbua. Walipojua baba yangu alikuwa malenga walinitaka nitoe ubeti kwa lugha yangu. Nikawapa ule wa Baba wa minazi na wageni, mnaujua. Hawakuelewa neno, ila vina vilipogonga mara ya tatu nyumba nzima ilinyamaza, na nilipomaliza walipiga kelele za kutaka tena. Sijawahi kujivuna hivyo tangu nizaliwe.

Basi mambo ya nyumbani niyaweke sawa.

Shamba bado lina jina la Baba. Mirathi haijafunguliwa mahakamani, msimamizi hajateuliwa, kwa hiyo hakuna mtu mwenye haki ya kuuza hata mnazi mmoja. Mama ana thumuni yake, Mwanahamisi na mimi tuna mafungu yetu, Kaka una lako. Mjomba Selemani naomba uende Mahakama ya Mwanzo pamoja na Mama mwezi huu, muifungue. Nauli na gharama nitatuma kwa namba ya Mwanahamisi. Yule bwana wa hoteli aambiwe hakuna biashara mpaka warithi wote wakae, na mimi nikiwa mmoja wao jibu langu mmeshalisikia.

Kaka, najua deni la bajaji linakunyima usingizi, na sikatai kusaidia. Nitalipa milioni moja na nusu, lakini moja kwa moja kwa anayekudai, na anipe risiti. Iliyobaki panga naye kwa mwezi, bajaji inaingiza. Nasema hivi kwa sababu pesa ya mabati niliyotuma mwezi wa tano ilipita mikononi mwako, na Rukia ameniambia paa la jikoni la Mama bado linavuja. Sikuandika hili kukuaibisha mbele ya watu. Limenikaa moyoni tangu Mei na hapa ndipo pa kulisema. Mabati yanunuliwe kabla ya masika. Mwanahamisi aende mwenyewe dukani Tanga.

Nimetenga pia pesa ya miche mia ya minazi, ile mifupi inayozaa mapema, ipandwe kwenye hilohilo pande linalotazama bahari, vuli iliyopita iliacha pengo. Babu Juma alime mashimo. Ada ya Rukia nimeshalipa, mwambieni nataka kuona matokeo ya hesabu.

Mama, dawa za presha meza kila siku, hata ukijisikia vizuri. Nisalimie Bi Mwanaisha, Maalim, na majirani wote wa upande wa kivukoni.

Jumapili nitapiga saa mbili usiku ya huko. Kaka Athumani, naomba simu iwe mkononi mwako kwanza.

Mwanao,
Zuhura